Namna ya kutetea shamba la familia na chakula cha kwetu: mwongozo kwa wakulima wa Tanga

Mkoa wetu unalisha watu wengi. Machungwa ya Muheza, kabichi na karoti za Lushoto na Bumbuli, mahindi ya Handeni na Kilindi, nazi na muhogo wa Pangani na Mkinga, iliki na pilipili manga za Amani. Sehemu kubwa ya vyakula hivi hutoka kwenye mashamba ya familia, ekari mbili hapa, ekari nne pale, yanayolimwa na mume, mke, watoto na bibi. Lakini bei inapopangwa, ushuru unapotungwa na ardhi inapogawiwa, mwenye shamba hilo hayupo. Anasikia baadaye, getini au sokoni, mambo yakiwa yameshakwisha.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu kumi, ishirini au thelathini wasio na ofisi wala mfadhili. Kwa yale niliyoyaona nikikaa na vikundi vya wakulima, malalamiko yetu mengi ni ya kweli kabisa, ila tunayapeleka mikono mitupu, kwa mtu asiye na uwezo wa kuamua, tena wakati uamuzi umeshapita. Hatua zilizo hapa chini zinalenga kurekebisha mambo hayo matatu.

Hatua ya 1: Chagueni jambo moja, mjue nani mwenye uamuzi

Wakulima wakikutana kila mtu ana lake. Huyu analia na lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, yule na barabara, mwingine na ng'ombe walioingia shambani, mwingine na mbegu isiyoota. Yaandikeni yote. Kisha pitieni moja baada ya jingine mkijiuliza: nani akiweka saini, jambo hili linabadilika?

Ushuru wa mazao uko mikononi mwa baraza la madiwani la halmashauri yenu. Barabara ya kutoka kijijini hadi barabara kuu ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, na diwani anaweza kuwasemea lakini hatengenezi yeye. Vipimo vinasimamiwa na Wakala wa Vipimo, wenye ofisi mkoani. Ardhi ya kijiji ni ya mkutano mkuu wa kijiji. Chakula cha shuleni huanzia kwenye kamati ya shule na mkutano wa wazazi. Sheria ya mbegu ni ya Bunge na Wizara ya Kilimo, na hapo kikundi kimoja cha Mkinga peke yake hakifiki mbali.

Kama ndiyo mara yenu ya kwanza, chukueni jambo ambalo mwenye uamuzi yuko kijijini, katani au wilayani, na ambalo matokeo yake mtayaona ndani ya msimu mmoja au miwili. Watu wakishaona wamefanikiwa mara moja, hamtahangaika tena kuwaita kwenye kikao. Mkianza na jambo la kitaifa, baada ya miezi sita atabaki mwenyekiti na katibu wake.

Jambo la ardhi halisubiri zamu. Likijitokeza, acheni mengine yote mlishughulikie. Tanga inajua habari hii kuliko mikoa mingi. Mkonge uliingia nchini 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida, na ukapandwa Kikogwe, Pangani. Miaka iliyofuata mashamba makubwa yakatanda pwani hadi Korogwe, na hadi leo kuna vijiji vilivyobanwa katikati ya mkonge, watu wakikodi vipande vya kulima mahindi jirani na ardhi ambayo babu zao waliilima bila kukodi. Eneo likishapimwa kwa jina la mtu mwingine, kulirudisha ni kesi ya miaka.

Hatua ya 2: Pimeni

Hii ndiyo hatua ninayoiombea muda wenu mwingi zaidi. Bila namba, mbele ya baraza ninyi ni watu wenye masikitiko. Mkiwa na daftari, mnajibiwa kwa hesabu.

Chukueni lumbesa. Kanuni za Sheria ya Vipimo zinataka mazao yauzwe kwa uzito, na kifungashio kisizidi kilo 100. Shambani hali ni nyingine. Gunia linajazwa, linasindiliwa kwa mguu, kisha linaongezewa kichwa kinachofungwa kwa wavu au kwa kamba na majani. Mnunuzi anasema, "Mama, gunia ni gunia." Mama anajua limezidi, lakini hajui limezidi kiasi gani, na lori linaunguruma. Anapokea fedha.

Tafuteni mizani. Ya kuning'iniza inatosha, na kama hamna, ombeni kwa AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) iliyo jirani au kwa afisa ugani wa kata. Mizani inayotumika kuuzia lazima iwe imehakikiwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo, na uhakiki huo una muda wake, kwa hiyo angalieni chapa kabla ya kupima, maana hapo ndipo mnunuzi mkorofi atakapoanzia kuwabishia. Fungeni boriti imara kati ya miti miwili, pimeni kila gunia linalotoka, na mmoja wenu aandike palepale. Msiandike usiku mkiwa nyumbani kwa kukumbuka.

Kaunta buku moja yenye safu hizi inatosha: tarehe, kitongoji, zao, aina ya kifungashio, kilo, bei iliyolipwa, nani alilipa ushuru na kama stakabadhi ilitolewa. Majina ya wanunuzi si lazima. Mnatafuta picha ya biashara nzima, hamumsaki mtu mmoja.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme gunia lililouzwa kama la kilo 100 limepimwa likawa na kilo 125, na bei mliyokubaliana ni sawa na shilingi 700 kwa kilo. Kilo 25 zimeondoka bure, yaani shilingi 17,500. Kaya iliyouza magunia kumi imepoteza 175,000. Zidisheni kwa idadi ya kaya zilizouza msimu huo, mpate kiasi kilichotoka kijijini bila malipo. Hiyo ndiyo namba ya kusimama nayo mkutanoni. Halafu kuna hoja ya pili ambayo diwani anaisikia haraka zaidi: kilo zilizofichwa ndani ya lumbesa hazikulipiwa ushuru. Halmashauri nayo imeibiwa.

Kwa machungwa hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu mengi yanauzwa yakiwa bado mtini. Dalali anatembea shambani, anatazama, anataja bei ya shamba zima, na mwenye shamba aliyebanwa na ada ya shule anakubali chungwa likiwa changa. Hapo chagueni mashamba machache ambayo wenyewe wako tayari. Kwenye kila shamba wekeni alama miti mitano, mkubwa, mdogo na wa kati, hesabuni matunda siku ya kuchuma, kisha kadirieni shamba zima. Linganisheni na bei iliyotolewa. Mwenye shamba akiona chungwa lake limeuzwa kwa bei gani kila moja, na sokoni Mgandini linauzwa kwa bei gani, mwakani atajadiliana akiwa mtu mwingine.

Hatua ya 3: Kusanyeni watu, na si wakulima peke yao

Kikundi kiwe na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na katiba ya kurasa mbili tatu. Kukisajili, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba, orodha ya wanachama wenye saini na muhtasari wa kikao cha kuanzisha. Usajili unawapa anwani ya kujibiwa. Pia unawafungulia mlango wa mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024, basi ulizeni utaratibu wa sasa kabla ya kujaza fomu.

Muhimu kuliko usajili ni nani amekaa kwenye hicho kikao. Kwenye familia nyingi mwanamke ndiye anayejua mbegu gani imeota, mahindi yamebaki debe ngapi na mchicha unauzwa lini, halafu anayekwenda mkutanoni ni mume. Pangeni vikao saa ambazo mama ameshatoka shambani na hajaanza kupika, na mwacheni mtoto aje naye. Daftari la vipimo lishikwe na kijana aliyemaliza kidato cha nne ambaye yuko kijijini hana kazi. Ataandika vizuri, na atajifunza biashara ya nyumbani kwao.

Waiteni pia wasio wakulima ambao chakula chenu kinawagusa. Mama lishe wa stendi anayepika kwa mahindi na maharage ya hapa. Mchuuzi wa Makorora au Ngamiani anayechukua mboga alfajiri. Bodaboda anayebeba matenga. Mwalimu mkuu. Wafugaji wadogo nao wana somo la kuwafundisha, kwa kuwa mkoa huu uliwahi kuonyesha mfano mzuri: miaka ya 1990 watu wenye ng'ombe wawili watatu walikusanya maziwa yao kwenye vituo, wakaunda vyama vya ushirika na chama kikuu chao, TDCU, na kupitia hicho wakawa na hisa kwenye kiwanda cha Tanga Fresh. Lita tano za mtu mmoja hazina bei. Zikichangwa na za wenzake, mnunuzi anakuja kuzifuata.

Mkae nje ya siasa za vyama. Kwenye kikundi kuna watu wa kila chama, na siku mtakayovaa rangi moja mtakuwa mmempa sababu yule ambaye hakutaka kuwasikiliza.

Hatua ya 4: Jueni sheria kabla ya kufungua mdomo

Hamhitaji wakili. Mnahitaji mambo machache ya uhakika.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Akija mtu na karatasi ya ekari mia tatu iliyosainiwa na mwenyekiti na mtendaji tu, ombeni muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha na orodha ya waliohudhuria. Swali hilo moja limewahi kusimamisha mengi.

Ushuru wa mazao humlenga mnunuzi. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi kisichozidi asilimia 3, na mzigo usiozidi tani moja ukaondolewa ushuru unaposafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kila halmashauri ina sheria ndogo yake inayotaja viwango, kwa hiyo pateni nakala yenu. Mkulima aliyebeba magunia manne kwenye pikapu kwenda kwa mwanawe mjini, akizuiwa getini, awe anajua la kusema, na aseme kwa upole: "Kijana wangu, mzigo huu haufiki tani moja. Nionyeshe sheria ndogo inayonidai, nami nitalipa, unipe stakabadhi ya mashine."

Mkinyimwa nakala ya sheria ndogo, muhtasari au taarifa ya mapato na matumizi, andikeni barua mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa "imepokelewa" pamoja na tarehe. Bila muhuri huo barua yenu haipo.

Wa Tanga Jiji mnaolima Pongwe na Kirare, kwenu badala ya kijiji kuna mtaa, na ardhi ina utaratibu mwingine wa mipango miji. Mengine hapa yanawahusu vilevile.

Hatua ya 5: Ingizeni ajenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Kosa linaloua hoja nyingi ni kuileta kwenye "mengineyo", jua limeshazama na watu wanaondoka. Ajenda ipelekwe mapema, kwa maandishi. Mfano wa barua:

*Kikundi cha Wakulima ........,*
*Kitongoji cha ........,*
*Tarehe ........*

*Afisa Mtendaji wa Kijiji,*
*Kijiji cha ........*

*YAH: OMBI LA KUINGIZA AJENDA YA VIPIMO VYA MAZAO KATIKA MKUTANO MKUU WA KIJIJI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Sisi ni wakulima wa kijiji hiki. Kuanzia mwezi wa ........ hadi ........ tulipima magunia ........ ya mahindi yaliyouzwa hapa kijijini. Kati ya hayo, ........ yalizidi kilo 100. Nakala ya kumbukumbu zetu tumeiambatisha.*

*Tunaomba mkutano mkuu ujao ujadili na kuamua mambo mawili. Kwanza, mazao yote yanayouzwa ndani ya kijiji yapimwe kwa kilo kwenye mizani iliyohakikiwa. Pili, kitengwe kituo kimoja cha kuuzia mazao kijijini, mizani ikae hapo.*

*Wako katika ujenzi wa taifa,*
*(majina na saini)*

Mambo mawili yanatosha. Yawe ya kuamuliwa kwa ndiyo au hapana, ili muhtasari uweze kuandika "mkutano umeazimia". Muhtasari unaosema "wananchi walilalamikia vipimo" hauna kazi.

Kabla ya mkutano, nendeni kwa mwenyekiti nyumbani kwake. Mwamkieni, mpeni hesabu, msikilizeni. Hakuna mwenyekiti anayependa kushtukizwa mbele ya watu wake. Pitieni pia kwa wazee na viongozi wa msikiti na kanisa, maana wao wakilikubali jambo, nusu ya kazi imekwisha. Msemaji awe mmoja, aseme kwa dakika chache, ataje namba tatu tu, kisha asimame mama mmoja aliyepimiwa mazao yake aeleze ilivyokuwa siku ile. Namba huwaingia viongozi. Maneno ya mama yule huwaingia wote.

Mnunuzi au dalali akiwepo, mkaribisheni aseme. Wengi wao ni watoto wetu, wana gharama za kweli za mafuta, vijana wa kupakia na mizigo inayooza njiani. Wapo watakaokubali kilo ikiwa bei ya kilo inaeleweka na mzigo uko tayari mahali pamoja badala ya wao kuzunguka vitongoji sita. Kituo cha kuuzia kinawasaidia hata wao, na hilo lisemwe waziwazi.

Kijiji kinaweza kwenda mbele zaidi na kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inaiandaa, mkutano mkuu unatoa maoni, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Inachukua muda, lakini ikishapita haitegemei tena wema wa mwenyekiti aliyepo.

Hatua ya 6: Pandeni kata na wilaya, kwa wakati wake

Azimio la kijiji linakwenda kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, na kutoka hapo halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vijiji huibua vipaumbele miezi ya mwisho wa mwaka, madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, na Bunge hukaa na bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Ombi la mizani, ghala au daraja likifika mezani Mei, limechelewa mwaka mzima. Likifika Oktoba lina nafasi.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni watu watano mkae kimya mkisikiliza. Mheshimiwa diwani akiona wapiga kura wake wamekaa pale nyuma, suala lenu analisema kwa ukamilifu zaidi. Mpeni karatasi ya ukurasa mmoja: tatizo, namba, azimio la kijiji na ombi. Mkurugenzi na mkuu wa divisheni ya kilimo wapate nakala.

Hatua ya 7: Tafutieni chakula cha hapa walaji wa hapa

Utetezi wa sheria peke yake haujazi mfuko. Mkulima anahitaji mlaji aliye karibu, na hapa kazi ni ya kuzungumza na watu zaidi kuliko ya kuandika barua.

Anzeni na shule. Wazazi wanachangia mahindi na maharage, au fedha za kuyanunua, na mara nyingi fedha hizo zinakwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini. Kwenye mkutano wa wazazi, pendekezeni shule inunue kwanza kwa wakulima wa kata, kwa kilo, kwa bei iliyoandikwa ukutani. Kikundi kiahidi kiasi kinachoweza kukitimiza. Ni afadhali kuahidi gunia tano na kuleta tano kuliko kuahidi ishirini. Mahindi yawe makavu kweli, yasiyo na ukungu, kwa kuwa sumukuvu ni hatari kwa watoto, na mkipeleka mzigo mbaya mara moja, mlango huo umefungwa. Ongezeni mboga za majani, papai na machungwa kwenye orodha. Ugali na maharage bila tunda katika wilaya ya machungwa ni jambo la kuwaonea watoto.

Machungwa yetu yana kesi ya pekee. Ganda la chungwa hugeuka rangi ya njano panapokuwa na baridi usiku. Ukanda wa joto kama Muheza, chungwa linaiva na kujaa maji huku ganda bado ni la kijani. Mgeni hotelini anaona lile la kutoka nje, linalong'aa, anadhani letu ni bichi. Ongeeni na wenye hoteli na mabanda ya juisi mjini na Pangani: wakatieni moja mbele yao, waonje. Halafu ombeni waandike kwenye menyu kwamba ni chungwa la Muheza.

Vivyo hivyo kwa bada. Ugali wa muhogo na samaki ni chakula cha pwani hii, na muhogo unavumilia ukame kuliko mahindi, lakini kwenye sherehe zetu tunautoa mezani kana kwamba ni chakula cha shida. Kikundi kikiandaa kikao, kipike bada, kisamvu cha nazi na dagaa, kiwaalike diwani na bwana shamba. Mtu akila na kushiba, mazungumzo ya zao hilo yanakuwa na uzito mwingine.

Hatua ya 8: Hifadhini mbegu zenu

Hapa nitapita haraka, ingawa jambo lenyewe ni zito. Mbegu ya kunde, mbaazi, mtama au mahindi ya asili uliyoitunza ni yako kupanda. Kuiuza ikiwa imefungashwa kama mbegu ni jambo jingine. Sheria ya Mbegu, Na. 18 ya 2003, inataka ithibitishwe, na msimamizi ni TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kuna daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambalo wakulima wadogo wanaweza kuzalisha na kuuza maeneo ya karibu baada ya kupata mafunzo na ukaguzi. Mwulizeni afisa ugani awaunganishe, na kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kiko hapohapo Muheza. Wakati huohuo, kila kaya itenge chupa kavu zenye kifuniko, majivu na lebo ya jina na mwaka, na bibi mmoja wa kijiji aombwe awafundishe vijana kuchagua masuke.

Kwa mambo ya kitaifa kama haya, jiungeni na walio wengi. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa 1993 na wenye makao Morogoro, kaulimbiu yake ni "Mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe". Serikali yenyewe ina mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia hai wa 2023 hadi 2030, na Umoja wa Mataifa ulitangaza 2019 hadi 2028 kuwa muongo wa kilimo cha familia. Yatajeni hayo kwenye barua zenu. Ofisa anayesita huona wepesi kuidhinisha jambo ambalo tayari liko kwenye karatasi ya wakubwa wake.

Hatua ya 9: Semeni hadharani, kisha fuatilieni

Redio za jamii bado zina nguvu kuliko simu, hasa vijijini. Pangani FM na nyingine za mkoani hutafuta watu wa kuzungumza. Nendeni wawili, mwanamke na mwanamume, mkiwa na hesabu zenu na ombi lenu moja. Msitukane ofisi wala mtu. Mkimshambulia mtendaji hewani, kesho mnakwenda kwake kuomba muhuri.

Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Ikiwa wamesema hakuna fedha, ulizeni itaingia bajeti ya mwaka gani. Ikiwa wamesema si mamlaka yao, waandike ni ya nani, na barua hiyo iwe kiambatisho cha barua inayofuata. Mkikubaliwa, rudini kwenye mkutano mkuu mkawaeleze watu kilichoamuliwa na nani atafanya nini kufikia tarehe ipi. Msimu ukifika, pimeni tena kwa mashamba yaleyale na mizani ileile, mlinganishe.

Daftari lisikae nyumba moja. Katibu awe na la asili, mjumbe wa kitongoji kingine awe na nakala, na kila mwisho wa wiki kurasa mpya zipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa watu wawili wa kikundi. Nyumba huungua, panya hula karatasi, na viongozi wa kikundi hubadilika. Atakayechukua uongozi baada yenu aanze na namba zote mkononi.